Barua Niliyoisahihisha

Jina la mke wangu nililitamka mbele ya watu mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1981, nilipokaa mkekani mbele ya sheikh na kuitikia kwamba nimekubali kumuoa kwa mahari tuliyopatana. Mara ya pili nitaieleza nitakapoifikia. Baina ya mara hizo mbili ilipita miaka 39, na katika miaka hiyo nilimwita mama watoto, nikamwita mwenzangu, nikamwita bibie nilipokuwa na haja. Majirani walimwita kwa jina la kifungua mimba wetu, kama ilivyo ada. Yeye aliniita Mwalimu. Hata gizani, hata tulipogombana, nilikuwa Mwalimu. Waliodhani kuwa ni heshima hawakukosea, ila walijua nusu ya habari. Nusu ya pili imo katika barua.

Hapa pia sitaliandika jina lake. Asingependa.

Alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni. Aliletwa Tanga kwa shangazi yake akiwa msichana, kumsaidia kazi shangazi huyo aliyekuwa ametoka uzazini. Ilikuwa safari ya miezi mitatu. Mwezi wa Februari mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na safari ya miezi mitatu ikawa ya maisha. Ni kweli kwamba watu walivuka kwa njia za panya, lakini shangazi hakuwa mtu wa kumpitisha binti wa watu porini usiku. Basi akabaki Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, katika nyumba iliyopakana na yetu ukuta kwa ukuta. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa na sauti isiyoheshimu matofali.

Mwaka 1979 nilikwenda Dar es Salaam, Chuo cha Ualimu Chang'ombe, somo langu likiwa Kiswahili. Wasomaji waliopitia vyuo vya ualimu zama zile watakumbuka jinsi tulivyokuwa. Tulijiona askari wa lugha ya taifa. Tulitembea na kalamu mbili mfukoni, ya buluu ya kuandikia na nyekundu ya kusahihishia, na ile nyekundu ndiyo iliyotuwasha zaidi. Katikati ya mwaka 1980 nilipata barua kutoka kwake. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwanza kwa herufi za chuoni, kisha kwa za shule. Aliniambia, pamoja na mengine ambayo ni yangu peke yangu, kwamba kila jioni huitazama ndia kwa mato yake mawili.

Nami nikachukua kalamu nyekundu. Juu ya ndia nikaandika njia. Juu ya mato nikaandika macho. Nilipofika mwisho wa barua nilikuwa nimesahihisha maneno 17. Chini nikampa alama, 12 kwa 20, na maoni: “Jitahidi zaidi.” Nikaitia katika bahasha na kuirudisha Tanga. Nilidhani ni utani mzuri kupita kiasi. Niliwasomea wenzangu bwenini, wakacheka.

Haikuja barua nyingine. Ulipita mwezi, ukapita wa pili. Hatimaye ulinifikia ujumbe wa mdomo kupitia kwa utingo wa basi la Tanga, kijana wa mtaani kwetu: “Binti wa jirani amesema, mwambieni Mwalimu kwamba mwanafunzi wake ameacha shule.”

Nilirudi likizo nikaomba radhi, naye akanisamehe, kwa sababu mwaka uliofuata tulioana. Lakini kuacha shule aliacha kwelikweli. Katika maisha yetu yote hakuniandikia tena hata mstari mmoja. Nilipokuwa masomoni au kazini mbali na nyumbani, alituma salamu kwa mdomo wa mtu. Simu za mkononi zilipoingia akapiga, na ujumbe wa maandishi ukihitajika aliwapa watoto waandike. Ile barua nilimwuliza siku moja ilipo, akasema aliwashia jiko. Sijui kama ndivyo. Baada ya kufariki kwake nilipekua sanduku lake lote, nguo kwa nguo, nikakuta vyeti vya kliniki vya watoto, risiti za ada na kanga mpya ambazo alikuwa akiziwekea harusi za wajukuu. Mwandiko wake haukuwamo.

Mama yake hakuja harusini. Mpaka ulikuwa bado umefungwa. Ulipofunguliwa, Novemba 1983, tulikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi, na kabla mwezi haujaisha tulikuwa ndani ya basi tukielekea Horohoro. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati ule. Tulifika Mombasa tukiwa na rangi moja sote watatu. Mavyaa alikuwa amekaa barazani. Sitaeleza walivyokutana, maana niligeuza uso nikajishughulisha na mizigo.

Nitaeleza lililotokea baadaye kidogo, tulipokuwa tunakunywa kahawa. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania mlangoni, na mke wangu akamwita: “Njoo umwamkie bibi yako.” Mavyaa akaweka kikombe chini. “Njoo?” akauliza. “Nani alokufunza?” Mke wangu hakujibu. Alinitazama mimi, nami nikakitazama kikombe changu. “Mwanangu amekuwa Mtanga,” akasema yule mama, na nyumba nzima ikaangua kicheko, kwa kuwa kwa Kimvita mtanga ndio huu mchanga wa pwani unaokanyagwa. Mke wangu pia alicheka. Lakini nilikuwa nimekwisha kuijua ile sauti isiyoheshimu matofali, nikajua kuwa hicho hakikuwa kicheko chake.

Kwa kweli nilikuwa nimeendelea kumsahihisha. Si kwa kalamu, kwa mdomo. Akisema nti, mimi nasema nchi. Akisema mtele, mimi nasema mchele, kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenzake uzi begani. Sikuona ubaya. Nilikuwa nikiwafanyia hivyo wanafunzi 40 kwa siku, na nyumbani mkono ulikuwa haujapoa. Katika miaka miwili ya ndoa nilikuwa nimempokonya neno baada ya neno, na siku ile barazani mama mtu aliyahesabu yaliyopungua.

Tuliporudi, tukiwa tumekaa juu ya mizigo Horohoro tukingoja kukaguliwa (alikuwa amefungiwa na mama yake vipande vitatu vya sabuni ya kuogea, mali adimu Tanzania ya mwaka ule, na alivificha katika nepi za mtoto kwa ujasiri ulionitia baridi), aliniambia bila kunitazama: “Mwalimu, shuleni kwako ni njoo. Ndani ya nyumba yangu kuanzia leo ni ndoo.”

Ikawa hivyo. Majirani wa Ngamiani walizoea baada ya muda. Siku za mwanzo alipomwita mtoto “Ndoo!”, mtoto wa jirani alimletea ndoo ya maji, akaipokea, akashukuru, akaitumia.

Niruhusuni nikae kidogo jikoni, kwani huko ndiko nilikosomea shahada yangu ya pili. Yeye hakupika maandazi, alipika mahamri. Na ukimwambia kuwa ni kitu kimoja, alikuonyesha iliki, akakuonyesha tui, akakuuliza kama maandazi yako yana hivyo. Nazi aliikuna kwa mbuzi, akaikamua kwa kifumbu cha ukindu hata baada ya mji mzima kuhamia vichujio vya plastiki, na lile tui la kwanza, zito, alikuwa halichanganyi na la pili mpaka dakika ya mwisho. Hilo la kwanza aliliita kasimile. Nilimfundisha mwanafunzi wangu mmoja neno hilo, akaniuliza limo katika kamusi gani.

Katika miaka ile ya uhaba, mshahara wa mwalimu ulikuwa hauioni tarehe 20. Unga ukipatikana alikaanga mahamri kabla ya adhana ya alfajiri, akayauza na mbaazi barazani. Unga ukikosekana aliuza mihogo ya kukaanga na pilipili. Tulipata watoto wanne, na wote wanne walisoma mpaka walipotaka kufika. Watu hunipongeza mimi kwa hilo, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Ukweli ni kwamba ada ya sekondari ya binti yetu wa pili ilitoka karaini, na mimi nilichofanya ni kuipeleka shuleni nikiwa nimevaa shati la kupigwa pasi.

Jambo moja alilipenda sana, nalo nililitoa mwenyewe kwa kinywa changu. Nilimweleza kwamba uamuzi wa kuifanya lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulipitishwa katika mkutano uliofanyika mwaka 1928, miaka miwili kabla ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha. Akauliza mkutano huo ulifanyika wapi. Nikamwambia, Mombasa. Alinyamaza akaifikiri habari hiyo, kijiko mkononi. “Walikuja kwetu, wakala kwetu, wakalala kwetu,” akasema, “kisha wakaposa Unguja?” Tangu siku hiyo, nikijitia kuleta sanifu ndani ya nyumba, alikuwa akisema tu “ishirini na nane”, na mimi huufyata.

Kejeli yenyewe ninyi washairi mnaiona wazi kuliko mtu mwingine. Darasani nilifundisha ushairi, na ushairi wetu mkongwe haukutungwa kwa lahaja niliyoitetea. Muyaka bin Haji alikuwa mtu wa Mombasa. Mwana Kupona, aliyemwandikia bintiye utendi mwaka 1858, aliandika kwa Kiamu. Nilikuwa nikiandaa masomo mezani, nimezungukwa na faharasa za maneno magumu, na nyuma ya pazia kulikuwa na mwanamke aliyeyatumia mengi ya maneno hayo “magumu” kuulizia bei ya samaki. Ilinichukua miaka kadhaa, nakiri kwa aibu, kabla sijafikiria kumwuliza. Siku nilipomwuliza mara ya kwanza alikuja na unga mikononi, akasimama nyuma yangu, akanieleza tofauti ya teka na teka. Ulimi ukigusa meno ni kule kucheka. Ukirudi nyuma kidogo kwenye ufizi ni kuteka maji kisimani. Akayasema yote mawili, mara tatu. Sikusikia tofauti. Akayasema tena. Mpaka leo naweza kueleza tofauti hiyo ubaoni, lakini sikio langu lilichelewa kwenda shule.

Wajukuu saba walikuja kwa zamu zao. Aliwafundisha kumwita nyanya, kama walivyozoea kwao, na hapa Tanzania watoto wengine wakawacheka kwa kuwa na tunda la kachumbari kwa bibi. Hakujali. Kwake yeye tunda hilo liliitwa tungule, basi hapakuwa na mkanganyo wowote. Waliokanganyika ni sisi tuliokosa neno tukalitia moja kazi mbili. Mjukuu wetu mmoja, anayekaa na wazazi wake mkoa wa bara, aliambiwa shuleni ataje mboga na viungo vitano. Aliandika tungule. Mwalimu akapitisha mstari mwekundu. Binti yangu alinitumia picha ya ukurasa huo katika simu akitaraji nitacheka. Nyanya mwenyewe alikuwa ameketi karibu nami, nikampa simu aone. Aliitazama kwa muda, akairudisha. “Msimlaumu,” akasema, akimkusudia yule mwalimu. “Nae kafunzwa.”

Niliitoa miwani nikaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

Ugonjwa wake sitauandika kwa urefu. Ulikuwa moyo, na moyo huchoka polepole. Miezi ya mwisho hakuweza kulala chali, alilala kwa kuegemezwa mito, na usiku ukawa mrefu. Ndipo tulipoanza kusoma. Nina nakala ya zamani ya “Sauti ya Dhiki” ya Abdilatif Abdalla, diwani aliyoitunga gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, kwa Kimvita. Nilikuwa nimeisoma kama mwalimu, yaani nikiwinda tamathali. Sasa nilimsomea yeye, ubeti baada ya ubeti, kwa matamshi yangu ya Chang'ombe, naye akinirudisha nyuma. “Siyo hivyo. Lisome tena.” Nikalisoma tena. Mahali pengine alinieleza neno, nami nikaliandika pembezoni kwa penseli. Mahali pengine alifumba macho akamaliza mstari kabla yangu, si kwa kuwa aliujua, bali kwa sababu alijua neno linalopaswa kuja. Tulikuwa hatufiki mbali. Shairi moja kwa usiku, pengine nusu. Mwalimu hatimaye alikuwa amepata mwalimu, na mwalimu wake hakuwa na kalamu nyekundu.

Alifariki mwaka 2020, usiku wa kuamkia Ijumaa, akazikwa baada ya Swala ya Ijumaa. Kaburini, walipomaliza kufukia, sheikh alikaa upande wa kichwani kusoma talakini. Wengi mnaijua ada: maiti huitwa kwa jina lake na jina la mama yake, si la baba. Sheikh akainama sikioni kwangu akauliza: “Mwalimu, jina lake? Na la mamake?”

Hiyo ndiyo mara ya pili. Nilifungua kinywa, na kwa muda nikawa kama mtu anayetakiwa kuitoa siri ya mwenzake mbele ya umati. Kisha nikalitaja, nikataja na la mama yake, yule wa barazani, na majina mawili yaliyotenganishwa na mpaka kwa miaka sita na ushei yakatamkwa kwa pamoja juu ya mchanga wa Tanga. Sheikh akayarudia kwa sauti. Aliyatamka kwa Kiarabu safi, kwa herufi nzito za kooni, ambavyo sivyo yalivyotamkwa Kibokoni. Nilitaka kumsahihisha. Mkono ulikwisha kuinuka. Nikaushusha.

Miaka mingi nilifundisha shairi ambalo Shaaban Robert, mwana wa Vibambani hapa hapa Tanga, alimtungia mkewe Amina alipofiwa naye. Niliwauliza vijana mizani ni mingapi, vina vya kati ni vipi, bahari gani hii. Maswali sahihi, na majibu yake ninayo. Baada ya arobaini nilikaa nami nijaribu, kama watu wote wenye ada hii wanavyojaribu. Nilitunga beti sita kwa Kiswahili fasaha kilichonyooka, nikazisoma, nikazichana. Zilikuwa kama hotuba ya mgeni rasmi. Umebaki ubeti mmoja uliokuja baadaye, nikiwa jikoni, na wa pili haujaja:

Nimekaa kwenye jiko, majivu pasi na moto,
Nalitaja jina lako, kwa siri kama mtoto,
Nikiona kanga yako, huyafumba yangu mato,
Niite “ndoo” uliko, ijapokuwa ni ndoto.

Malenga mmoja rafiki yangu, mtu wa kanuni, ameniambia kwamba nimechanganya lahaja, kwamba ubeti wote ni wa sanifu halafu mato na ndoo zimeingia kama wageni wasioalikwa. Akashauri nitafute kina kingine ili niandike macho. Ni shauri zuri. Zamani ningelitoa mwenyewe.

Ile diwani iko kando ya kitanda. Juzi nilijaribu kuendelea tulipoishia. Kurasa zetu zimejaa penseli pembezoni, mwandiko wangu na maneno yake, na mahali pamoja kuna doa la mafuta ya nazi kwa sababu alitaka kuushika ukurasa mwenyewe. Kisha zinafuata kurasa nyeupe. Katika shairi lililofuata nimekwama maneno mawili. Shemeji zangu wako Mombasa na namba zao ninazo, ningeweza kuwapigia na wangenieleza mara moja. Sijapiga.